Dirisha Linalosema Ndiyo kwa Kila Kitu

Wiki iliyopita mliniacha kwenye meza ya mwisho, ile inayopakana na mlango wa choo, baada ya cheo changu cha mkuu wa watengeneza programu kupewa mume wa mdogo wangu. Wengi mmeniandikia kunipa pole. Asanteni. Mmoja ameandika kwamba nilistahili kwa sababu nina mdomo mchafu. Huyo asome mpaka mwisho, atafurahi.

Kwa aliyeingia leo, nieleze kwa ufupi. Kampuni yetu inatengeneza programu ambayo wagonjwa huitumia kwenye simu kuweka nafasi hospitalini. Kazi hiyo niliijenga mimi, tangu kampuni ikiwa chumba kimoja na feni inayopiga kelele. Kisha akaja shemeji. Shemeji hajui kuandika programu, ila anajua kusimama mbele ya picha zinazomulikwa ukutani akasema "mfumo jumuishi" huku amekunja mikono ya shati. Ofisini tunamwita Slaidi, kwa jina la picha hizo. Mkurugenzi, ambaye hana analolijua zaidi ya kutuambia ana maono, alimsikiliza mara moja tu akampa kiti changu, kile cha kuzunguka. Mimi nikapewa kingine kilichokatika mguu.

Nyumbani nako ni hadithi ileile. Mama anaishi na mimi. Figo zake zimechoka, kwa hiyo kila baada ya siku chache lazima akalazwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Akikosa zamu moja anavimba miguu na uso. Akikosa zaidi ya hapo, sitaki kuandika.

Anayemwamsha ni mimi, anayempima uzito ni mimi, anayemficha chumvi ni mimi. Anayesifiwa ni mkwe. Mama huwaambia majirani kwamba mkwe wake ametengeneza programu ya hospitali, na mimi nipo hapohapo nimeshika beseni.

Hata mlio wa simu yangu si wangu. Kabla Mama hajaanza kuugua, mdogo wangu alimrekodi akiniita kwa ile sauti yake ya kufukuza kuku, "Wewe mtoto, pokea simu," akauweka kwenye simu yangu kwa mzaha. Nilipotaka kuubadilisha Mama alinuna siku nzima, basi nikauacha.

Sasa niwaeleze habari ya dirisha, maana bila dirisha hamtaelewa nilivyojipalia makaa.

Programu iliyo kwenye simu yako haiingii ndani ya kompyuta ya hospitali. Haijui ndani kukoje na hairuhusiwi kujua. Inakwenda dirishani, kama wewe unavyokwenda kwenye dirisha la karani. Inaonyesha ufunguo wake, inatoa ombi kwa maneno yaliyokubaliwa, jina, namba ya faili, tarehe, zamu, kisha inangoja. Huko ndani kompyuta ya hospitali inaangalia vitanda, na jibu linatolewa kwa dirisha hilohilo. Wenyewe tunaliita API. Slaidi akilitamka neno hilo hufumba macho kidogo, kama mtu anayeonja asali.

Na kwa kuwa si kila fundi ana muda wa kujifunza adabu za kila dirisha, tunamfungia kifurushi. Ni vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, anavichomeka kwenye programu yake, navyo vinajua anwani ya dirisha, ufunguo na namna ya kuomba. Hicho ndicho SDK. Fundi wa duka la dawa anachukua kifurushi chetu, fundi wa bima anachukua kifurushi chetu. Sisi tukikosea, wote wanakosea pamoja nasi, tena kwa kujiamini.

Jambo la mwisho la kitaalamu, halafu nitawaacha mpumue. Hospitali huwa na madirisha mawili, la kweli na la majaribio. La majaribio halina kitanda hata kimoja nyuma yake. Kazi yake ni kumjibu fundi "Imethibitishwa" kwa lolote aombalo, ili afanye mazoezi bila kujaza wodi kwa wagonjwa wa kubuni. Kabla ya kukitoa kifurushi kwa watu unabadilisha anwani, unaondoa ya majaribio na kuweka ya kweli. Ni mstari mmoja tu, na hata anayejifunza kazi anaujua.

Slaidi hakuubadilisha.

Niligundua kwa chuki, si kwa bidii. Programu mpya ilikuwa imezinduliwa kwa maputo na hotuba, na malalamiko yakaanza kuingia. Watu walikuwa wanafika hospitalini na ujumbe wa kuthibitishiwa mkononi, wanaambiwa hawajulikani. Dada wa huduma kwa wateja aliwashauri wazime simu na kuwasha tena. Mimi nikakaa kwenye meza yangu ya chooni kutafuta kosa la shemeji la kuchekea, nikafungua programu yake kama mgonjwa mpya.

Jina la mgonjwa nikaandika Kiti cha Ofisi. Ugonjwa, kukatika mguu mmoja. Namba ya faili, sifuri tupu. Tarehe ya kuja, thelathini Februari.

Jibu lilikuja kabla sijainua kidole. "Imethibitishwa. Tunakusubiri."

Nilicheka mpaka mhasibu aliyekuwa chooni akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Dirisha la majaribio, jamani. Nchi nzima ilikuwa inaomba vitanda kwenye dirisha la kufanyia mazoezi, na dirisha linasema ndiyo kwa kila kitu, kama Mkurugenzi akimsikiliza Slaidi.

Kisha nikamkumbuka Mama. Jana yake alikuwa ameninyooshea simu yake kwa maringo ili nione jinsi programu ya mkwe inavyofanya kazi. Alikuwa ameomba zamu ya Alhamisi asubuhi. Kwenye kioo paliandikwa, "Imethibitishwa. Tunakusubiri." Hapakuwa na namba ya kitanda.

Hakuna aliyekuwa anamsubiri.

Nikapiga simu hospitali. Sauti iliyorekodiwa ikanishukuru kwa kupiga, ikaniarifu kwamba maombi ya nafasi hayapokelewi tena kwa simu, na kwamba nitumie programu. Yaani yetu.

Mtu mwenye akili angekwenda moja kwa moja kwa wakubwa. Mimi kwanza nilifanya jaribio la pili. Nilitaka kuonyesha kwamba wagonjwa wawili wanaweza kuthibitishiwa zamu moja kwa namba moja ya faili, kwa hiyo safari hii niliandika kila kitu sawasawa. Mgonjwa, Kiti cha Ofisi. Ugonjwa uleule. Namba ya faili nikaweka ya Mama, ndiyo pekee ninayoijua kwa moyo. Siku, Alhamisi asubuhi. Namba ya simu ya kupokelea ujumbe, yangu. Likathibitishwa nalo.

Ukweli ni kwamba jaribio la kwanza lilitosha. La pili lilikuwa la kumkomoa.

Kwenye kikao niliimulika ukutani picha ya jaribio la kwanza. Kiti cha Ofisi, mguu mmoja, thelathini Februari. Chumba kizima kikaangua kicheko, nikaketi nikiwa nimejaa kama puto. Slaidi aliitazama ile picha muda mrefu. Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo. Halafu akafanya lile analolijua, akageuka na tabasamu akasema hilo linaonyesha mfumo wetu haumbagui mtu. Wakacheka tena, sasa wakiwa upande wake.

Sikufika kwenye jaribio la pili. Mkurugenzi alinyanyua mkono akasema wageni wenye mtaji wanakuja Ijumaa na hakuna atakayegusa kitu mpaka waondoke. Nikamwambia kuna watu watakosa mashine kesho asubuhi.

"Dada," akasema, kwa upole ule wa mtu anayemfungia mwenzake mlango, "wivu wa kifamilia uache nyumbani."

Baada ya kikao Slaidi alikuja mezani kwangu. Alisimama kando ya kile kiti kibovu, hajakunja shati, mikono haina pa kwenda.

"Shemeji, nisaidie," akasema kwa sauti ya chini. "Huo mstari uko wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza kitu. Ningeweza kumwonyesha kwa kidole, tukakaa wawili tukamaliza kabla ya chai. Nikamwambia uko kwenye slaidi inayofuata.

Aliondoka. Nilifurahi, nisiwadanganye. Nilifurahi kama mtu aliyetua mzigo.

Mpango wangu ulikuwa huu. Nitaurekebisha mstari peke yangu, kimyakimya, Mama apate kitanda chake, kisha Ijumaa mbele ya wageni nisimame nieleze ni nani aliyeharibu na ni nani aliyeokoa. Ufunguo wa dirisha la kweli nilikuwa nao bado. Waliponinyang'anya cheo walichukua kiti cha kuzunguka na funguo za kabati, huu mwingine hawakuufikiria, kwa sababu hauning'inii popote.

Nikaingia kwenye kifurushi, nikafuta anwani ya majaribio, nikaweka ya kweli, nikaweka ufunguo wangu. Kazi ikaisha mhasibu akiwa bado hajatoka chooni.

Nilichosahau ni tabia ya kifurushi chenyewe. Ombi lolote ambalo halijapata namba ya kitanda hakilitupi. Kinaliweka pembeni na kujaribu tena kila dirisha linapofunguka, tena kinaanza na lililoingia mwisho. Na maombi yote ya wiki ile hayakuwa na namba ya kitanda. Kwa hiyo nilipofungua dirisha la kweli, yote yaliinuka kwa pamoja yakaenda kusukumana pale, la kwanza mbele likiwa lile la mwisho kuandikwa ofisini kwetu na mwanamke mmoja mwenye mdomo mchafu.

Jibu la kwanza likatokea kwenye kioo changu. Namba ya faili ya Mama, Alhamisi, asubuhi, na namba ya kitanda. Kitanda cha kweli. Nilipumua.

Jina sikulisoma. Sisi wa kazi hii hatusomi majina. Majina ni ya wagonjwa na wauguzi, sisi tunasoma namba, na tunawadharau wanaosoma majina.

Chini ya jibu hilo yakaanza kushuka majibu mekundu ya kukataliwa. Dirisha la hospitali lilikuwa limeona ufunguo mmoja unaligonga kwa fujo, likadhani ni wezi, likaufungia nje. Niliyaona. Nikafunga kompyuta. Mama alikuwa na kitanda, na yaliyobaki yalikuwa mshahara wa Slaidi.

Alhamisi asubuhi Slaidi mwenyewe ndiye aliyetuendesha, mdogo wangu mbele, mimi na Mama nyuma. Mama alikuwa amevimba macho, lakini alijitahidi kumsifia mkwe jinsi anavyokata kona. Slaidi alinitazama kwenye kioo cha gari mara moja, akarudisha macho barabarani. Nilikaa nimeinua kidevu. Mimi ndiye niliyejua kitanda kiko wapi.

Ukumbi wa kitengo cha figo ulikuwa umefurika. Watu wamekaa mpaka sakafuni, kila mmoja kashika simu, wanaonyeshana ule ujumbe mmoja. Tukapita katikati yao nikisukuma kiti cha magurudumu, nikiomba njia kama mke wa waziri. Nyuma yetu akaja bwana mmoja mwenye koti, anahema kwa shida, mkewe kamshika kiunoni.

Muuguzi wa mapokezi alimwamkia Mama kwa furaha, maana wanajuana. Akaandika namba ya faili. Akatazama kioo. Akaandika tena. Nikawa nawatazama watu wengine kwa huruma ya mwenye nacho.

"Kitanda kipo," akasema. "Faili ni lake. Jina si lake."

Mdogo wangu akauliza ni jina gani.

Muuguzi alilisoma polepole, kama anayesomewa tusi akalazimishwa kulirudia. "Kiti cha Ofisi. Ugonjwa, kukatika mguu mmoja."

Mtu mmoja sakafuni akacheka. Muuguzi alituuliza kama tumekuja kuwachezea, na watu wote hawa wamekaa hapa. Kisha akaeleza, na kila neno lilinichoma kwa sababu nililijua kabla hajalitamka. Ombi la Mama mwenyewe lilifika baadaye likakataliwa, maana faili lake tayari lina nafasi. Mashine inachukua uzito na dawa kutoka kwenye faili, na jina la kwenye faili lazima lifanane na la kwenye utepe wa mkononi mwa mgonjwa. Yasipofanana haiwaki.

"Mimi namjua mama huyu," akasema. "Mashine haimjui. Aliyeandika jina hili aje hapa alifute, ama kitanda nampa huyo bwana."

Bwana mwenye koti aliinua uso. Mkewe akainamisha wake.

Mdogo wangu alimgeukia mumewe. Hakupaza sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alimuuliza mbele ya ukumbi mzima kama hii ndiyo programu aliyokuwa anaikeshea, hii ndiyo kazi kubwa ya kunyang'anya watu vyeo. Slaidi alisimama pale na suti yake, watu wanamtazama kutoka sakafuni.

Hiyo ndiyo picha niliyokuwa naiota. Niliiota nikioga, niliiota nikipanda ngazi. Ilikuwa imetimia kabla ya Ijumaa, na bila wageni.

Mama akainua kichwa. "Mkwe wangu," akasema, "umeniandika kiti?"

Slaidi aligeuka. Alinitazama mimi. Lile jina alikuwa ameliona ukutani, aliona mguu mmoja, alijua mkono ulioliandika. Nikangoja aninyooshee kidole. Ningekuwa yeye ningenyoosha vyote kumi.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni mimi. Nilikuwa najaribu mfumo, nikakosea. Nisamehe."

Nilimchukia wakati huo kuliko siku zote. Alikuwa amesema jambo la maana bila picha ukutani, na alilisema kwa ajili yangu. Mdogo wangu alijitenga naye hatua moja. Mama aliangalia magoti yake. Nami nilisimama nimeshika mpini wa kiti cha magurudumu, mdomo wangu mchafu umefungwa, kwa mara ya kwanza tangu mnijue.

Muuguzi alivuta mkonga wa simu ya mezani. Akasema hana haja ya kujua nani mwenye makosa, anachotaka ni kumlaza mgonjwa. Lakini jina halibadilishwi kwa maneno matupu. Namba ya aliyeomba nafasi ipo hapa kwenye kioo, ataipiga, mwenyewe apokee mbele yake athibitishe, wamalize.

Slaidi hakujua kwamba kulikuwa na jaribio la pili. Hakujua niliweka namba ya nani. Alitoa simu yake mfukoni akaishika kwenye kiganja, akaitazama kama mtu aliyekwisha kukubali.

Nilifungua mdomo nikamwita, "Shemeji." Muuguzi alikuwa amekwisha kubonyeza.

Simu ya kiganjani mwa Slaidi ilikaa kimya. Ndani ya mkoba wangu sauti ya Mama ikaita, ile ya zamani, yenye nguvu, ya kabla ya mashine na uvimbe. "Wewe mtoto, pokea simu. Wewe mtoto, pokea simu."

Muuguzi hakukata. Mdogo wangu alitazama mkoba, kisha akanitazama mimi.

Na Mama, kwenye kiti chake, akageuza shingo taratibu, akitafuta sauti yake mwenyewe inatokea wapi.